Mke wangu yuko kwenye mashine siku tatu kwa wiki, na usharika unanihitaji siku saba

Mchungaji wa Mlimani

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mchungaji wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), usharika wa mlimani huku Kilimanjaro wenye mitaa minne. Figo za mke wangu zilishindwa mwaka jana, baada ya kuishi na presha miaka mingi. Sasa anasafishwa damu mjini Moshi kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa manne kila safari. Tunatoka nyumbani alfajiri, tunarudi mchana, na akifika anajilaza hadi jioni bila kuongea.

Msiba hausubiri ratiba. Huku kwetu mtu anazikwa kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo, na ndugu wanamtaka mchungaji mwenyewe, si mwinjilisti. Mwezi uliopita, siku ya Jumatano, nilimwacha mashineni nikapanda kuzika. Nikiwa nasema "mavumbi kwa mavumbi", simu ilikuwa inatetema mfukoni ndani ya kanzu. Sikupokea. Presha yake ilishuka alipotolewa mashineni, akaanguka chooni. Aliyemwinua ni mke wa mgonjwa mwingine. Nilipofika saa kumi jioni nilimkuta kwenye benchi la nje, kiatu kimoja mguuni, kingine kashika mkononi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Wafiwa wanaendeleaje?"

Niliwaeleza wazee. Mmoja akanijibu kwamba mimi nitunze kondoo, mke wangu Mungu atamtunza. Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Kuna usiku nafungua Ezekieli 24, pale nabii anapofiwa na mke jioni, asubuhi anaendelea na kazi aliyotumwa, nami najiuliza kama Mungu ananitaka vivyo hivyo.

Nawaza kumwomba mkuu wa jimbo likizo ndefu bila mshahara. Lakini nyumba tunayokaa ni ya usharika, na bima inayolipia mashine ni ya ajira yangu.

Kuna jambo jingine, dogo ila linanitesa. Akina mama wanatupenda, kila wiki wanaleta mtori na mkungu wa ndizi. Daktari amemkataza ndizi na parachichi kwa sababu ya potasiamu, na maji anakunywa kwa kipimo. Mke wangu kalelewa kwa ndizi. Anapokea, anashukuru, halafu anabaki ameshika kifuniko cha chungu, ananusa mvuke.

Nishaurini, hasa mliopita hapa.

Mstaafu, Iringa

Amina. Pole sana, Mchungaji. Wangu aliondoka kwa saratani nikiwa na usharika mkubwa. Nilikuwa natoka wodini naenda kufundisha kipaimara, nikirudi namkuta keshalala. Nikadhani ndio uaminifu. Miaka imepita na bado kuna maneno nilitaka kumwambia.

Ezekieli alipewa agizo lile liwe ishara kwa watu waliokuwa karibu kupoteza hekalu lao. Halikuwa kanuni ya kila mtumishi. Wewe soma Kutoka 18. Yethro alimtazama Musa siku moja tu, akamwambia waziwazi kwamba anachofanya si chema.

Likizo isubiri kwanza, ulinde bima. Liandikie barua baraza la wazee, nakala kwa mkuu wa jimbo, utaje siku zenyewe: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mchungaji hayupo mpaka jioni. Mazishi ya siku hizo aongoze mwinjilisti, au mpokezane na mchungaji wa usharika jirani. Ulichowaeleza kwa mdomo wazee walikisikia kama manung'uniko. Barua watalazimika kuijadili na kuiwekea muhtasari.

Mama wa Mashine, Dar es Salaam

Baba Mchungaji, mimi niko upande wa mke wako, huu mwaka wa tatu. Kuna kitu wagonjwa hatukisemi nyumbani: tunaogopa kuwa mzigo kuliko tunavyoogopa kufa. Alipouliza habari za wafiwa alikuwa anakuonyesha kwamba huduma ni yake pia. Sasa usije ukaandika barua ya likizo bila yeye kujua. Mwulize, ila si siku ya mashine. Siku hiyo kichwa hakiko sawa.

Kuhusu kuanguka: akimaliza asinyanyuke haraka. Akae kwanza, apimwe presha kabla ya kutoka, na mtu amsindikize hata chooni. Akiongeza kilo nyingi kati ya siku na siku, mashine inavuta maji mengi kwa mpigo na presha inashuka. Ndiyo maana maji wanayapima. Mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, asibebee ndoo, wala asipimiwe presha.

Akina mama waambieni. Wali, yai, kabichi iliyokatwa ikachemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, hivyo mimi nakula. Afisa lishe atawapangia kulingana na vipimo vyake. Tena ulizeni mapema habari ya kupandikiza figo. Muhimbili wanapandikiza tangu Novemba 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma tangu 2018.

Mzee wa Kanisa, Arusha

Naandika kama mzee. Mchungaji wetu aliuguza mke karibu mwaka, sisi tukijua ni homa za kawaida. Barua iliposomwa barazani palikuwa kimya. Tukapanga watu sita wa kukaa na mama hospitalini kwa zamu, na mwalimu mmoja mstaafu akachukua Jumatano zote. Ugumu wa moyo hatukuwa nao, Mchungaji. Hatukuwa tumepewa kazi ya kufanya.

Mchungaji wa Mlimani

Asanteni, nimewasoma wote. Nilimwuliza Alhamisi, akiwa anachambua mchele. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ijumaa niache na mama wa kwaya, wewe nenda kazini. Jumatano uwe na mimi. Siku ile niliogopa." Tangu augue sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

Barua iko tayari, Jumapili namkabidhi katibu wa baraza. Habari ya ndizi nilisema nitaitangaza kabla ya mnada wa mazao ya sadaka kanisani. Amekataa. Anasema atasimama mwenyewe.