Barabara kwanza ama hospitali?

Wa Kisauni: Jana maskani, kahawa ndo kwanza yamiminwa, jamaa mmoja akasema nchi maskini ikimwaga pesa kwa hospitali yala mtaji wake, tujenge kwanza barabara na bandari, tukitajirika hospitali zitakuja zenyewe. Nikamwambia hebu niambie hii. Jirani yangu aliuza tuktuk yake mamake apasuliwe, na hiyo ni hospitali ya serikali, lakini alipewa kikaratasi akanunue glovu, uzi wa kushonea na dripu duka la dawa hapo nje, tuktuk ikaenda, mtoto wa fomu two akarudishwa nyumbani kwa karo, na yeye sahii ni kibarua cha kubeba mizigo. Sasa mtaji umeliwa na nani?

2001 viongozi wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya. Kenya mpaka leo wapi. Lakini reli ya SGR ilipata hela, 2017 hiyo yapiga honi. Sri Lanka walitibu watu bure wakiwa bado maskini, na kina mama wanaokufa uzazini wakapungua mno.

Wa Likoni: Ndugu, Sri Lanka hiyo hiyo si ilifilisika 2022, dawa zikakosekana mahospitalini? Na hizo pesa ukiongeza zafika wodini kweli? Mimi kwa mshahara nakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya kila mwezi, juzi nimepeleka mtoto naambiwa sistimu iko chini, lipa keshi. Wizi ukome kwanza.

Wa Kisauni: Ya sistimu sikubishii. Lakini Sri Lanka haikuangushwa na wodi bwana, ni madeni, na kodi walizopunguza 2019, na watalii waliopotea wakati wa korona. Bandari yao ya Hambantota, hiyo ndo "tujenge kwanza" yenyewe, ilikosa meli na 2017 wakaikodisha kwa Wachina miaka 99. Sisi wa Mombasa ndo wa kuambiwa hilo? Halafu wizi, mbona kwa barabara hamsemi ukome kwanza? Lami yawekwa, mvua ya masika moja mashimo, mwaka ujao tenda ingine, hamna anayesema tusijenge.

Wa Likoni: Haya ya bandari umenipata. Lakini ya bima sijakubali, nimekatwa na dawa ya homa nimenunua mwenyewe.