Ukaguzi wa kliniki Alhamisi

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Barua ya mamlaka imefika leo, wakaguzi wa leseni wanakuja kliniki Alhamisi asubuhi. Naombeni mnielekeze nianzie wapi. Fundi wa rangi nimeshamwita.

Mjomba Hamadi: Marahaba mpwa wangu. Rangi isubiri. Mkaguzi anakuja na orodha, na karibu kila swali lina pande mbili: kitu kipo? Na karatasi yake iko wapi? Kinachowaangusha wengi ni kitu na karatasi kutokubaliana. Andaa faili moja: leseni ya kituo, leseni hai ya kila mtaalamu, mkataba wa wanaochukua taka hatarishi na stakabadhi za kila walipozichukua, vyeti vya kuhakiki mizani na mashine za presha, kadi ya matengenezo ya mtungi wa kuzimia moto.

Zuhura: Leseni zote ziko ukutani mjomba.

Mjomba Hamadi: Zisome tarehe moja moja, halafu chukua ratiba ya zamu ya mwezi uliopita ulinganishe majina. Mkaguzi ataweka kidole kwenye usiku mmoja tu aulize: huyu aliyeandikwa hapa, leseni yake iko wapi? Wanaoshikilia zamu kwa muda ndio husahaulika.

Shangazi Mwajuma: Mwanangu, nipigie picha karatasi ya joto la friji ya chanjo.

Zuhura: 📷 Picha

Shangazi Mwajuma: Nimeiona. 4, 4, 4, asubuhi na jioni, wiki nzima, kalamu moja. Na sasa hivi ni saa nne asubuhi lakini kisanduku cha leo jioni kimeshajazwa na kutiwa sahihi. Hilo ataliona hata kabla ya kufungua mlango wa friji. Friji inayofanya kazi hupanda na kushuka: asubuhi 3.2, jioni baada ya kufunguliwafunguliwa 5.8. Mradi iwe kati ya 2 na 8, tofauti hizo ndizo zinazoonyesha kwamba kuna mtu anasoma.

Zuhura: Nichukue karatasi mpya tujaze upya?

Shangazi Mwajuma: Hapana kabisa. Kujaza upya ni kughushi, na kile kipimajoto chenu cha kutunza kumbukumbu kina joto la siku 30 zilizopita ndani yake. Atakibonyeza alinganishe. Piga mstari mmoja kwenye kisanduku cha jioni, weka sahihi na tarehe. Chini andika: usomaji haukufanywa ipasavyo, kuanzia leo unasomwa na fulani saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Pengo lenye maelezo linasameheka. Kumbukumbu ya kutunga ikigundulika, hakuna daftari lingine kituoni atakaloliamini.

Idrisa: Shangazi kamaliza. Ongezeni hapo: chanjo zisikae kwenye mlango wa friji wala kugusa kuta zake, na chakula cha wafanyakazi kitoke.

Zuhura: Kumbukumbu ya kipimajoto inaonyesha usiku mmoja ilishuka hadi -1 kwa saa mbili 😟

Shangazi Mwajuma: Usizitupe chanjo hizo, na usizitumie bado. Zitenge ndani ya friji hiyohiyo, uandike ZISITUMIKE, kisha mjulishe msimamizi wa chanjo leo. Chanjo za unga za surua na BCG (ya kifua kikuu) haziharibiwi na kuganda. Pepopunda, homa ya ini B na ile ya 5 kwa 1 (moja inayokinga magonjwa matano) ndizo zinazokufa zikiganda. Alama ya joto kwenye kichupa haitakusaidia hapa, yenyewe inaonyesha joto lililozidi, sio baridi.

Neema: Jaribio la kutikisa linafaa, mama?

Shangazi Mwajuma: Linafaa. Chukua kichupa kimoja cha toleo hilohilo na mtengenezaji huyohuyo, kigandishe makusudi kiwe barafu kabisa, kiyeyuke chenyewe. Kitikise pamoja na kile unachokishuku, viweke mezani kwenye mwanga, utazame. Kilichoganda hutuama haraka, mashapo chini na maji maangavu juu. Kinachoshukiwa kikituama taratibu kuliko hicho, kiko salama. Kikituama sawa au haraka zaidi, andika hasara. Kile ulichogandisha kiwekee alama kubwa kisirudi kutumika.

Idrisa: Upande wa dawa, dada Zuhura. Zilizokwisha muda zisifichwe stoo wala kumwagwa kwenye sinki. Weka boksi lenye kufuli lililoandikwa ZIMEISHA MUDA, na orodha yake: jina, namba ya toleo, idadi. Rafuni, inayokwisha mapema ikae mbele. Maboksi yasilale sakafuni wala kuegemea ukuta.

Idrisa: Halafu dawa zenye udhibiti maalumu, kama pethidini na mofini, zile za maumivu makali. Daftari liwe la kushonwa, kurasa zina namba. Kila anapotoa mtu: tarehe, mgonjwa, kiasi, salio, sahihi 2. Mkaguzi atahesabu vichupa kabatini. Vikiwa 7 na daftari linasema 8, hapo hamtaendelea na jambo lingine. Hesabuni leo. Ikipungua, andika ripoti leo, isingoje Alhamisi.

Zuhura: Na trei ya dharura?

Idrisa: Kila kitu na tarehe yake ya kuisha kwenye kadi juu ya trei. Adrenalini ya 1 mg kwa ml 1 iwepo, na muuguzi ajue bila kubahatisha kwamba mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali anachomwa 0.5 mg kwenye msuli wa paja. Ambu, ule mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, iwe na barakoa ya mtoto na ya mtu mzima. Ibonyeze, utakuta mpira umepasuka mara nyingi kuliko unavyodhani. Oksitosini, ya kuzuia damu baada ya kujifungua, irudi kwenye friji, isikae kwenye trei.

Idrisa: Vichupa vya dozi nyingi vilivyofunguliwa viandikwe tarehe ya kufunguliwa. Dawa ya kawaida ya sindano, mwisho siku 28 kama mtengenezaji hakusema mapema zaidi. Surua na BCG zilizochanganywa na maji yake, mwisho saa 6 tu tangu kuchanganywa.

Bakari: Mtungi wa oksijeni nao. Utakuta umejaa lakini spana ya kuufungulia haipo. Ufungwe mnyororo ukutani usianguke. Na wafanyakazi wajue hesabu: mtungi wa lita 680 kwa lita 10 kwa dakika unakaa kama saa moja na kidogo, basi.

Neema: Maabara kwa ufupi: vitendanishi (kemikali za kupimia) viwe na tarehe ya kufunguliwa, kopo la vijiti vya mkojo lifungwe kila baada ya kutoa kijiti kwa sababu unyevu unaviua, daftari la kudhibiti ubora lijazwe kabla ya sampuli ya kwanza ya siku. Na saa ya kuhesabia dakika iwe mezani. Kipimo cha haraka cha malaria kikisomwa nje ya muda ulioandikwa kwenye maelezo yake, jibu hilo halina thamani.

Shangazi Mwajuma: Sasa usafi. Zuhura, mkaguzi hatamwuliza daktari. Atamwita dada wa usafi amwambie: changanya klorini nikiona. Ajue kwa vitendo. Kupata 0.5% ya kusafishia damu iliyomwagika:
Ya maji 3.5%: kipimo 1, maji vipimo 6
Ya maji 5%: kipimo 1, maji vipimo 9
Ya unga 70%: gramu 7 kwa lita 1
Avae glavu nene, afunike damu kwa kitambaa kinachonyonya, amwagie, asubiri dakika 10 ndipo afute. Ichanganywe kila siku, ndoo iwe na kifuniko na tarehe. Bandikeni vipimo ukutani, lakini vya ile mnayoinunua tu. Vikiwekwa vyote vitatu atachanganyikiwa.

Zuhura: Na otoklevu, ile mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke? Utepe wa pakiti unabadilika rangi vizuri.

Shangazi Mwajuma: Utepe wa nje unasema pakiti imepita kwenye joto, hausemi mvuke umefika katikati. Weka kiashiria ndani ya pakiti pia. 121°C, dakika 30 kwa vilivyofungwa, 20 kwa visivyofungwa, na kuhesabu kunaanza joto likishafika, sio ukiwasha. Makosa ya kila siku ni kushindilia pakiti hadi mvuke haupiti, na kutoa zikiwa bado mbichi. Pakiti yenye unyevu haijatakaswa, inarudi mwanzo. Kila mzunguko uwe na mstari wake kwenye daftari.

Zuhura: Boksi la sindano hujaa mno zamu ya usiku.

Shangazi Mwajuma: Likifika robo tatu lifungwe. Weka tupu pembeni tayari, watu hushindilia kwa sababu la kubadilisha liko stoo na ufunguo kaondoka nao mtu wa mchana. Likae karibu na mkono wa anayechoma, sio chini sakafuni. Na kila mmoja ajue akijichoma anaripoti kwa nani: dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72.

Mjomba Hamadi: Siku yenyewe, omba vitambulisho na barua, andika majina yao. Mtu mmoja aongozane nao na daftari, aandike kila wanachosema. Asiyejua jibu asibuni, aseme "mwongozo uko hapa" aufungue. Mwisho soma matokeo kabla ya kusaini, na kama kuna usilokubali, andika maoni yako palepale kwenye fomu.

Zuhura: Wakikuta kasoro napewa muda?

Mjomba Hamadi: Inategemea kasoro. Mtu asiye na leseni anayetibu, au sindano inayorudiwa, wanaweza kufunga siku hiyohiyo. Nyingine unaandika mpango wa marekebisho: kasoro, chanzo chake, hatua, nani, lini, ushahidi. Usiandike "tutaboresha". Hilo la friji kwa mfano: chanzo, msomaji hakuwa na mbadala siku zake za mapumziko. Hatua, wasomaji 2 kwenye ratiba ya zamu. Ushahidi, karatasi ya wiki 4 na chapisho la kipimajoto. Unaweza kuuandika leo uwape wenyewe Alhamisi.

Bakari: Mafaili ya wagonjwa pale mapokezi yaingie kabatini, Zuhura. Kwenye ile picha nyuma ya karatasi ya friji nasoma jina la mgonjwa na majibu yake. Futa picha hapa kikundini, upige nyingine.

Zuhura: Nimeifuta.