Yule mama wa geti jeusi Sinza leo kanipa hela ya taka kwa KIZOLEO!!

guta_la_moto:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mama wa geti jeusi, mnamjua, jina silitaji. Leo kanilipa hela ya taka kwa kizoleo! Kile kile cha kuzolea vumbi! Kaweka elfu mbili juu yake, kashika mwisho wa mpini, kanisukumia chini ya geti kama analisha mamba. Mkono wa pili kaziba pua kwa pindo la kanga.

Na mfuko wenyewe aliotoa! Pampasi, vichwa vya samaki, chupa iliyovunjika haijafungwa hata gazeti, maji yake yananichuruzikia mpaka ndani ya kandambili. Funza wa mle wamefikia umri wa kupiga kura. Uchafu wake, kalala nao nyumba moja wiki nzima, ila anayenuka ni mimi. Kizoleo, jamani!

Tugome wiki mbili tu, mtaa mzima utahamia Kibaha. Masika ikishuka mtaro umeziba, maji sebuleni, wa kwanza kupiga kelele serikali ya mtaa ni yeye. Anadhani taka zinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi zenyewe kwa miguu? Nasukuma guta mpaka kizimba cha taka, mikono mitupu, ndipo lori libebe. Hela nimepokea, ndiyo, nina watoto. Lakini kizoleo? Tena chenye nywele?

Shemeji wa Taifa:
Hakuna picha hakuna uzi. Tuone kizoleo.

genge_la_kona:
Huyo! Anabonyeza nyanya zangu zote, ananunua limao moja, anaomba na pilipili ya nyongeza.

Kipara Ngoto:
Mkuu, ungepokea kwa chepe ngoma iwe droo.

guta_la_moto:
Mnacheka? CHENYE NYWELE!

Shemeji wa Taifa:
Za kwake au za bandia? Tuwe wakweli kwenye uchunguzi.

lindo_la_usiku:
Mwenzetu umelipwa, kwa kizoleo au kwa winchi umelipwa. Sisi walinzi mwezi wa pili huu mshahara "unashughulikiwa". Bosi anarudi saa nane usiku anapiga honi mtaa mzima unaamka, nikichelewa kidogo geti, eti nimelala. Sasa nilale na mbu wale?

konda_wa_mbagala:
Nyie mna raha. Alfajiri gari ndiyo kwanza linatoka, mtu ananinyooshea elfu kumi, nauli mia sita. Chenji nizae? Akishuka anatukana ukoo wangu wote mpaka waliokufa.

binti_wa_kidato:
Makonda mnyamaze. Mkiona sare ya shule mnaning'inia mlangoni "gari limejaa", na siti tunaziona.

konda_wa_mbagala:
Mdogo wangu, mwanafunzi mia mbili. Nikijaza gari sare tupu, jioni tajiri nimpelekee hesabu ya madaftari?

mama_supu:
Konda wa Mbagala? Mwenye kofia nyekundu? Supu na chapati mbili za juzi ukasema "nakuja mama, gari linaondoka".

konda_wa_mbagala:
Mama, shikamoo. Kofia nyekundu tuko wengi.

mama_supu:
Marahaba. Na ya tatu ulitia mfukoni, nilikuona.

Kipara Ngoto:
Konda kala chapati za watu na chenji hatupi 😂😂

lindo_la_usiku:
Mama, supu inakuwepo mpaka saa ngapi? Mimi natoka lindo saa kumi na mbili.

mama_supu:
Mpaka saa nne. Taslimu.