Je, mwanachama wa makumbusho ana sauti katika uendeshaji wake?

Mwenye Kadi
Waungwana, naomba ufafanuzi. Kwa miaka sita nimelipa ada ya chama cha marafiki wa jumba moja la makumbusho la umma hapa Pwani. Hivi karibuni nilikuta chumba cha vyombo vya mabaharia kimefungwa na vyombo vyenyewe vimepelekwa ghalani, ili chumba kikodishwe kwa hafla, na nilipouliza nikajibiwa kwamba uamuzi umetoka juu. Je, sisi wanachama tuna haki yoyote ya kushirikishwa, au tunachangia tu na kuingia bila tikiti?

Wakili Mstaafu
Ndugu Mwenye Kadi, kadi yako ni ya chama, si ya jumba. Ndani ya chama unayo kura katika mkutano mkuu wa mwaka. Jumba, ikiwa liko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, huendeshwa kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, na bodi yake kwa sehemu kubwa huteuliwa na serikali.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwaka 1909 wapenzi wa elimu ya viumbe, wengi wao walowezi na maofisa wa kikoloni (jambo ambalo tusilisahau), waliunda chama chao, na mwaka uliofuata wakafungua makumbusho Nairobi. Wakati huo mwanachama ndiye aliyekuwa mwenye nyumba: aliyekusanya vielelezo, aliyechanga fedha na aliyechagua kamati. Jengo la makumbusho hayo lililoitwa Coryndon Museum lilifunguliwa 1930, na baada ya uhuru likawa makumbusho ya taifa. Gharama ikahamia kwa mlipa kodi, na mamlaka yakaifuata gharama. Kenya Museum Society, iliyoundwa 1971, huchangisha fedha na kuhamasisha watu, lakini haishiki usukani. Binafsi naona hilo ni sawa, mradi bodi iwajibike.

Mkaazi wa Mji wa Kale
Kwa heshima, Mzee Wakili, mimi sina kadi, na ndiyo maana swali hili linanitia wasiwasi. Fort Jesus, ambayo naiona kila siku, ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Waliofungwa mle hawakuwa wanachama wa chama chochote. Tukiwapa walipa ada kiti katika bodi, mvuvi asiyeweza kulipa atakuwa mgeni katika turathi ya babu zake. Sauti itafutwe kwa wakaazi kwanza, kisha kwa wenye kadi.

Karani wa Kaunti
Bi Mkaazi ana hoja, ila Mwenye Kadi anahitaji njia. Kwanza ahakikishe jumba ni la nani, kwani Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti, ilhali majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yamebaki kwa serikali ya kitaifa. Kisha aombe kwa maandishi kumbukumbu za uamuzi huo. Kifungu cha 35 cha Katiba hiyo kinampa haki hiyo kwa uraia wake, si kwa kadi yake, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Chama nacho kinaweza kupitisha azimio katika mkutano wake na kulituma kwa bodi. Halitailazimisha bodi kufanya lolote, lakini litaingia katika faili, nami nimeona mafaili yakifufuka baada ya miaka.

Mwenye Kadi
Nashukuru nyote. Ombi nitaliandika kama raia, na rasimu nitaipitisha kwanza kwa wakaazi wasio na kadi ili waitie saini wakiridhika. Vyombo vile, kwa kweli, vilitoka katika nyumba zao.