Safari Rally imeangukia wiki ya CAT: mwanafunzi wa uanahabari ajipange vipi?

KalamuYaBonde
Wadau, hamjambo. Niko mwaka wa pili, uanahabari, Nakuru. Gazeti la chuo limenikabidhi Safari Rally, mbio za magari za Naivasha: taarifa fupi kila jioni kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, kisha makala moja ndefu. Wiki hiyo hiyo nina CAT (mitihani midogo ya katikati ya muhula) mbili na kazi ya kikundi. Sina gari. Nina kamera moja na lenzi ya 70-300. Nianzie wapi?

Kizibao
Anzia kwa wahadhiri, kibali cha wanahabari kifuate. Kati ya 2021 na 2023 Safari ilikuwa Juni. Tangu 2024 iko Machi, katikati kabisa ya muhula wa Januari hadi Aprili, na kalenda ya WRC (ubingwa wa dunia wa rally) hutangazwa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mhadhiri hana sababu ya kukuhurumia ukimwendea siku tatu kabla. Mwendee wiki ya kwanza ya muhula na barua ya mhariri wako. Omba kufanya CAT na kundi jingine linalosoma somo hilo hilo. Ukiomba karatasi ya peke yako unamwongezea kazi ya kutunga na atakataa. Vyuo vingi hudai mahudhurio ya theluthi mbili, basi usikose darasa hata moja Januari na Februari. Kwenye kazi ya kikundi, chukua sehemu ya mwanzo, kama kukusanya data. Usikubali uhariri wa mwisho, kwa sababu utaangukia Jumapili usiku nawe bado unaandika matokeo.

Kibali: omba kama mwandishi. Kile kizibao cha wapigapicha kinachokuruhusu kusogea karibu na barabara hudai ushahidi wa kazi ulizokwisha kuchapisha, na mara nyingi bima pia. Kazi hizo zipate kwenye raundi za KNRC (ubingwa wa taifa wa rally), ambako unaandikia klabu inayoandaa na ushindani wa nafasi ni mdogo. Ukikosa kibali kabisa, maeneo ya watazamaji bado yanatosha kwa habari nzuri.

MkondoWaPili
Bila gari, usifukuze mikondo, yaani vipande vya barabara ambako magari hushindania saa. Barabara ya mkondo hufungwa muda mrefu kabla ya gari la kwanza, na haifunguliwi mpaka gari la kufagia, lile linalofunga msafara, lipite. Ukishaingia, umekwama humo nusu siku, na pengine huna mtandao. Mkondo mmoja kwa siku unatosha.

Chagua raundi ya pili. Mikondo mingi hupitiwa asubuhi kisha ikarudiwa mchana, na marudio ndiyo yenye habari: magurudumu yamechimba mifereji, mawe yamefukuliwa, na Machi mvua ya alasiri hugeuza vumbi kuwa tope kwa dakika chache. Mkondo wa Sleeping Warrior unajulikana kwa hilo. Mkondo wa Kedong shida ni fesh-fesh, vumbi laini kama unga linalofunika mawe na kuingia kwenye injini. Ndiyo maana magari ya Safari hufungwa snokeli ya kuvutia hewa kutoka juu. Dereva akisema injini imepoteza nguvu, ulizia vumbi kwanza.

Tazama pia mpangilio wa kuondoka. Ijumaa anayeongoza ubingwa hutangulia na kufagia changarawe, kwa hiyo hupoteza muda. Jumamosi na Jumapili mpangilio hupinduliwa na viongozi wa mbio huenda mwisho. Ukilijua hilo hutaandika kwamba fulani “amezembea” Ijumaa.

Saa nyingine zote, kaa sevisi paki, mahali timu zinapotengenezea magari. Madereva wote wanakuja hapo. Badala ya “unajisikiaje?”, uliza “umebadilisha nini kwenye sasipensheni baada ya mkondo wa Loldia?” Jibu lake ni habari. Jumapili, ukitaka mkondo wa Hell's Gate, lala Naivasha. Barabara ya kusini mwa ziwa hufurika magari.

Hesabu60
Makosa ya wanafunzi mengi yako kwenye saa. 13:02.4 ukitoa 12:47.9 ni sekunde 14.5. Ukiingiza 1302.4 na 1247.9 kwenye kikokotoo utapata 54.5, na habari nzima imeharibika. Geuza zote ziwe sekunde kwanza: 782.4 kutoa 767.9.

Tenganisha pengo la mkondo na pengo la jumla. Andika “matokeo ya muda”, yaani yasiyo ya mwisho, mpaka wasimamizi watie sahihi: kuchelewa kwenye kituo cha kukagua saa ni sekunde 10 kwa kila dakika, kuwahi ni sekunde 60, kwa hiyo uongozi unaweza kubadilika gari likiwa limesimama. Aliyetoka mbioni Ijumaa anaweza kurudi Jumamosi na adhabu ya muda, basi usimzike mapema. Kwa kanuni za 2025 mshindi alipata pointi 25, na Jumapili ilikuwa na hadi 5 za Super Sunday (jumla ya saa za siku hiyo) na 5 za Power Stage (mkondo wa mwisho). Dereva wa nafasi ya tisa anayekimbia Jumapili kama wa kwanza anazitafuta hizo.

KalamuYaBonde
Asanteni sana. Picha na kutuma je?

Kizibao
Maneno yatangulie. Andaa kiolezo cha maneno 120 simuni: anayeongoza, pengo, nani katoka na kwa nini, kesho nini. Umati hulemea mtandao, kwa hiyo tuma maandishi, kisha picha tatu tu zilizopunguzwa hadi pikseli 2,000 upande mrefu.

70-300 inatosha. Kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde gari likikujia. 1/125 ukilifuata kwa kamera likipita ubavuni. Usibadilishe lenzi penye vumbi. Namba ya mlangoni ilinganishe na orodha ya washiriki. Haifuati mpangilio wa kuondoka. Simama juu ya tuta, kamwe si upande wa nje wa kona, na gari likipita usishuke barabarani: jingine linakuja.

Makala ndefu iripoti kabla ya mbio, Februari, kwa wakazi wa Naivasha na mafundi wa timu za hapa nyumbani. Mwulize mhadhiri wa uandishi wa makala kama ataipokea kama kazi ya kozi. Akikubali, pata idhini kwa maandishi, maana vyuo vingine huhesabu kazi iliyokwisha kuchapishwa kuwa udanganyifu.