Picha ya Apollinaire ya 1914: uso wake ni upi, na lile duara kwenye panja?

Mwalimu_wa_Sanaa: Wakuu, naandaa somo kuhusu picha ya Giorgio de Chirico ya 1914 inayomwonyesha mshairi Guillaume Apollinaire. Wanafunzi wote wananyooshea kidole ile sanamu yenye miwani myeusi. Je, ndiye? Na kweli mchoraji alitabiri jeraha la kichwani alilolipata mshairi huyo vitani? Nataka pia wachore za kwao kwa mtindo huo. Waanzie wapi?

Turubai: Siye, mkuu. Apollinaire ni kile kivuli cheusi kilicho nyuma, uso ukiwa upande. Sanamu ya mbele ni ya kale, na miwani yake huelezwa kuwa ya mshairi kipofu anayeona yasiyoonekana. Samaki na kombe la baharini vilivyo pichani mara nyingi huhusishwa na Orfeo, mshairi wa hadithi za kale za Kigiriki, maana Apollinaire alitoa kitabu cha mashairi ya wanyama chenye jina la Orfeo mwaka 1911. Waambie wasogee karibu na panja la kile kivuli: kuna mstari mweupe wa duara, kama alama ya shabaha. Picha yenyewe si kubwa, sentimita 81.5 kwa 65, rangi ya mafuta na mkaa juu ya turubai. Ni mali ya jumba la sanaa la Centre Pompidou, Paris.

Kalamu_na_Mkaa: Kuhusu utabiri, panga tarehe ubaoni kwanza. Picha ilichorwa Paris kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ufaransa Agosti 3, 1914. Apollinaire alijiunga na kikosi cha mizinga, baadaye akahamia askari wa miguu, na Machi 17, 1916 kipande cha kombora kikatoboa kofia yake ya chuma na kumjeruhi panjani. Akapasuliwa fuvu. Homa ya mafua ilimuua Novemba 9, 1918, siku mbili kabla ya vita kusimama. Neno "ya utabiri" lilibandikwa kwenye jina la picha baada ya jeraha, na hapo ndipo wengi hupotea: wanasoma jina, kisha wanaitazama picha kwa jina hilo. Mwaka 1914 kivuli chenye duara kilifanana na vibao vya kulengea shabaha kwenye maonyesho ya mitaani. Hilo pekee linatosha kutisha.

Turubai: Kwa zoezi, bandika karatasi ukutani, anayechorwa akae ubavu karibu kabisa nayo, na taa iwe ndogo, mbali, usawa wa kichwa. Kivuli kikififia kingo, basi taa ni pana mno au kichwa kiko mbali na karatasi. Fuatisha kwa mkaa, kisha pangusa vumbi lililozidi kabla ya rangi, la sivyo rangi nyeupe itageuka kijivu. Kivuli kijazwe rangi moja bapa, bila macho wala mwanga shavuni. Vitu vya ishara visizidi vitatu, na kila kimoja kitoke kwenye kazi ya huyo mtu. Njiwa na moyo vikataze mapema, maana watavikimbilia.

Mwalimu_wa_Sanaa: Asanteni sana. Na mstari wa panjani uchorwe lini?

Kalamu_na_Mkaa: Mwisho kabisa, kivuli kikishakauka. Juu ya rangi nyeusi mbichi, nyeupe huchafuka palepale.