Raba ya kaboni ya bei poa kwa 21km

Wakuu, najiandaa na 21km ya Kilimanjaro Marathon pale Moshi, nataka raba yenye pleti ya kaboni (kibao kigumu ndani ya soli) lakini mfuko umetoboka, Vaporfly mpya ya Nike siiwezi kabisa. Nianzie wapi?

— Mkuu cheki Kiprun KD900X au Xtep 160X, zote zina kaboni na bei ina nafuu kidogo. Ila usizivae mara ya kwanza siku ya mbio, mimi vigimbi viliniuma wiki nzima.

— Mtumba nao upo, bonyeza soli kwa dole gumba, ukiona mikunjo mingi pembeni na povu la soli halirudi juu achana nayo, hiyo imeshachoka hata kama juu inang'aa.

— Asanteni sana, kesho asubuhi naingia soko la mitumba la Memorial.